Asibaki Chumbani! Vidokezo 13 vya Kuifanya Nyumba Impokee Mtoto Mwenye Ulemavu

Saa kumi na moja jioni watu wa nyumbani kwako wako wapi? Bibi yuko barazani, mama yuko uani anapuliza jiko, watoto wanagombania rimoti sebuleni. Na mtoto wako mwenye ulemavu, saa hiyo yuko wapi? Kama jibu ni "chumbani, kitandani", basi usimtazame yeye, itazame nyumba. Mara nyingi kinachomfungia ndani ni ngazi mbili za mlangoni, mlango mwembamba wa choo na sakafu inayoteleza, na vyote hivyo vina dawa.

Tena dawa zenyewe hazitaki ubomoe nyumba wala usubiri mjomba wa Muscat atume pesa. Nyingine ni kazi ya siku moja ya fundi wa mtaani, nyingine utazifanya mwenyewe kwa kamba, chaki na pazia. Nimeandika zaidi kwa ajili ya mtoto anayetumia kiti mwendo, anayetambaa au anayetembea kwa shida, awe na mtindio wa ubongo, mgongo wazi au sababu nyingine. Wenye watoto wasioona, wasiosikia, wenye usonji na wenye ualbino, fungu lenu lipo namba 11. Haya, twende kazi!

1. Ifuate siku yake, hatua kwa hatua

Kabla hujampigia fundi simu, chukua karatasi uandike kila mahali anapopita mtoto tangu kuamka hadi kulala: kitandani, chooni, bafuni, mezani, sebuleni, barazani, getini kwenda shule. Kila kituo andika anafikaje hapo. Penye neno "anabebwa" ndipo pa kuanzia. Mtoto wa miaka mitatu anabebeka, lakini yule yule akifika miaka kumi atauchosha mgongo wako, na yeye mwenyewe ataona haya kubebwa mbele ya wenzake. Pesa ni kidogo? Anza na njia ya choo, kisha mlango wa kutokea nje. Chumba chake cha pekee chenye rangi za kupendeza kije mwisho kabisa, maana kikiwa kizuri mno kitakuwa sababu nyingine ya kumwacha humo.

2. Kamba ya sentimita 75 na kipande cha chaki

Kiti mwendo kinahitaji duara la kama mita 1.5 ili kigeuke bila kugonga kitu. Utalijuaje? Kata kamba ya sentimita 75, mtu mmoja aishike ncha moja sakafuni, wewe funga chaki ncha ya pili na uzunguke. Chora duara hilo sebuleni, chumbani na chooni. Kilichokanyaga mstari kisogezwe! Mara nyingi mkosaji ni ile meza ya kahawa ya vioo au kochi la tatu ambalo halikaliwi na mtu isipokuwa Idi na Krismasi.

3. Rampu: pima kimo, zidisha mara 12

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo panapoharibiwa sana. Mafundi wengi humwaga zege mpaka lionekane limelala, kisha wanaosha mikono. Rampu yenye mwinuko mkali ni hatari kuliko ngazi: kiti kinapinduka nyuma na mtoto anaangukia kisogo. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Una ngazi moja ya sentimita 15? Rampu yako ni mita 1.8. Ngazi tatu, jumla sentimita 45? Mita 5.4. Ndiyo, ni ndefu!

Uwanja hautoshi? Ilaze ubavuni mwa ukuta, chini ya madirisha, au ikunje kona. Kwenye kona weka sehemu tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5 ili kiti kigeuke na anayesukuma avute pumzi. Juu mlangoni pia acha tambarare kama hiyo, kwa sababu hakuna anayeweza kufungua mlango huku kiti kinamrudisha nyuma. Upana usipungue sentimita 90, ukiweza 120. Pembeni fundi ainue ukingo wa sentimita 5 hadi 10 ili gurudumu lisichomoke.

Na hii usiisahau: zege likiwa bado bichi, pitisha ufagio wa chelewa kwa kukata njia, yaani kutoka ukingo huu hadi ule. Ile mistari ndiyo breki yenu siku ya mvua. Rampu ikikauka utashangaa nani ataifurahia: mtungi wa gesi, toroli la maji, babu mwenye magoti, na pikipiki inayolazwa ndani kila usiku.

4. Mlango mwembamba? Pazia lipo!

Pima kiti pale kilipo kipana kabisa, mtoto akiwa amekaa na mikono yake iko kwenye magurudumu. Vidole navyo vinapita mlangoni! Uwazi wa sentimita 80 ni wa kuanzia. Kama ndiyo kwanza unajenga, mwambie fundi 90 kila mlango, chooni na stoo pia, kwa sababu mtoto anakua na kiti kinakua naye. Nyumba imeshasimama na mlango unabana? Ng'oa ubao wa mlango, ubakishe fremu na utundike pazia zito. Unaokoa sentimita tatu nne, na mara nyingi hizo ndizo zilizokuwa zinapungua. Watu wa pwani tumeishi na mapazia ya milangoni miaka yote, hakuna mgeni atakayeuliza.

Penye kizingiti kilichoinuka, kichonge kiwe sawa na sakafu au weka kabari ya mbao pande zote mbili. Na kwenye milango inayobaki, pigilia kishikio cha pili chini, usawa wa mkono wa mtoto aliyekaa, ili aweze kuuvuta mlango nyuma yake bila kuita mtu.

5. Choo kwanza, heshima yake iko hapo

Kama utafanya jambo moja tu mwaka huu, fanya hili. Mtoto anayekwenda chooni mwenyewe, au kwa msaada mdogo, anakwenda shule kwa raha, anakwenda kwa shangazi kulala, na haogopi kunywa maji. Kuna watoto wanajinyima maji mchana kutwa ili wasimsumbue mtu. Tusiwafikishe huko.

Choo chako ni cha kuchuchumaa? Mwambie seremala au fundi wa kuchomelea atengeneze kiti imara chenye mikono, chenye tundu katikati, unachokiweka juu ya shimo la choo. Kile cha plastiki cha dukani ukikitoboa, miguu yake hutanuka na kuteleza penye maji, kwa hiyo chagua mbao au chuma. Kingo za tundu zisuguliwe zisichune ngozi. Mtoto mwenye kuyumba awekewe mkanda wa kiunoni. Na miguu isining'inie! Iguse chini au iwekewe kigoda. Miguu ikikanyaga mahali imara, mwili unatulia na kazi inafanyika.

Ukutani weka vishikio vya bomba la chuma lenye unene wa sentimita 3 hadi 4, ngumi iweze kulizunguka. Bomba la plastiki la maji lina kazi yake kwingine, hapa litakatika. Urefu usiokote kwenye karatasi: mkalishe mtoto, anyooshe mkono, weka alama pale unapofika bila kuhangaika. Kisha fundi mwenyewe aning'inie kwenye kishikio mbele yako. Kikimbeba yeye, kitambeba mtoto hadi awe kijana.

Ubao wa mlango wa choo ugeuzwe ufungukie nje. Mtoto akianguka ndani na kuuegemea mlango unaofungukia ndani, mtamfikiaje? Komeo liwe chini anapolifikia, la aina inayoweza kufunguliwa kwa nje kwa sarafu.

Mwenye mtoto wa mgongo wazi anayetolewa mkojo kwa mpira kila baada ya saa kadhaa, ongeza kirafu kisafi, sabuni, taa nzuri na kioo kidogo. Kioo kinamsaidia mtoto ajifunze kufanya mwenyewe, na siku akijua, mtasherehekea wote! Nje, kibuyu chirizi cha kunawia huwa kinaendeshwa kwa mguu. Kwake funga kamba ya kuvuta kwa mkono au kiwiko.

6. Kuoga bila kuumia kiuno

Kumwogesha mtoto mkubwa kwenye beseni sakafuni ndiko kunakowamaliza mama zetu. Mpandishe juu! Fundi anayejua kusuka kitanda cha kamba atakusukia kimoja kidogo kwa kamba za nailoni, miguu yake mirefu ifike usawa wa kiuno chako. Maji yanapita, kamba zinakauka upesi, na wewe unasimama wima unaimba. Upande mmoja kiinuke kidogo kwa ajili ya kichwa, pembeni kuwe na ukingo asibingirike, na hata hivyo usimwache peke yake.

Maji ya baridi yatangulie kwenye ndoo, ya moto yafuate, kisha pima kwa kiwiko. Watoto wengi wa mgongo wazi hawahisi joto miguuni. Ngozi inaungua na yeye anaendelea kucheka.

7. Sakafu: niru iishie sebuleni kwa jirani

Niru inang'aa, tunajua. Ikilowa inageuka barafu. Bafuni, chooni na uani acha zege la kukwaruza au vigae vile visivyong'aa. Zulia na mkeka uliopinda kona humkwaza anayetembelea magongo na hunasa gurudumu la mbele: uondoe, au ubandike kingo zake. Kwa mtoto anayetambaa pitisha kiganja sakafuni utafute kokoto na nyufa, maana magoti yake yanapita hapo hapo. Na uwanja wa mchanga, kama wetu wa Tanga na Mombasa? Panga matofali ya sakafu yawe kinjia cha mita 1 kutoka barazani hadi getini. Kama bado hujapata kiti, ulizia cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele lililotangulia mbali, kinahimili njia mbaya kuliko vile vya hospitalini.

8. Kiti cha maboksi, naam, maboksi!

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kukaa mwenyewe hulazwa, na anayelazwa anaona dari tu. Kumbe viti vya kumkalisha vinaweza kutengenezwa kwa maboksi makuukuu na gundi ya unga wa ngano. Unabandika boksi juu ya boksi mpaka upate ubao mnene, unauwekea uzito juu ulale sawa, unauanika hadi ukauke kabisa, unaukata kwa kisu, unaunga vipande viwe kiti, kisha unafunika kote kwa karatasi zilizochanwa vipande vidogo. Kikikauka tena, paka rangi ya mafuta au vanishi isipenye maji. Ni chepesi na ni imara, na mtoto akikua unatengeneza kingine. Watoto wote wa nyumba wape kazi ya kuchana karatasi, hutapata kelele mchana kutwa.

Vipimo ndivyo vinavyofanya kiti kiwe dawa. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikunjwe kwa pembe mraba, nyuzi 90 kila mahali. Urefu wa kalio upimwe kutoka mgongoni hadi nyuma ya goti, kisha upunguze vidole viwili. Nyayo zikanyage ubao. Mbele yake weka meza iliyokatwa nusu duara imkumbatie tumboni, viwiko vipate pa kuegemea. Hapo utaona kichwa kinainuka na mikono inaanza kutafuta vitu.

Mtaalamu wa fiziotherapia akiangalie kabla mtoto hajakikalia muda mrefu. Dar es Salaam kuna hospitali ya CCBRT. Moshi kuna hospitali ya KCMC, ambapo chuo cha TATCOT kinafundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo. Kenya kuna shirika la APDK. Uganda kuna hospitali ya CoRSU karibu na Entebbe. Ukipenda michoro, kitabu cha David Werner cha 1987, Disabled Village Children, kimejaa vifaa vya mbao, udongo na maboksi ambavyo fundi anavielewa kwa kutazama picha, hata kama hasomi Kiingereza.

9. Kitanda, chandarua na swichi

Kitanda kiwe usawa mmoja na kalio la kiti mwendo, kwa kawaida sentimita 45 hadi 50, ili mtoto ahame kwa kujisogeza badala ya kuinuliwa. Kirefu? Kata miguu. Kifupi? Weka matofali. Chandarua cha duara humzingira na kumnasa; cha pembe nne kikifungwa kona zote kinampa nafasi ya kukiinua mwenyewe. Swichi za taa ziteremshwe hadi sentimita 90 au 100, soketi zipandishwe hadi 45 au 50. Msumari wa kutundikia sare ya shule nao ushuke. Kazi ya nusu siku, na kesho yake asubuhi mtu anajizimia taa mwenyewe!

10. Jikoni ana zamu

Kwanza usalama. Jiko la mkaa lililowekwa chini liko usawa wa uso wa mtoto anayetambaa, na sufuria ya maharage inachemka hapo hapo. Linyanyue juu ya kijukwaa cha matofali, mishikio ya sufuria igeukie ukutani, chupa ya chai ikae katikati ya meza. Kisha mpe kazi. Ungo mapajani achambue mchele, amenye vitunguu saumu, akande unga wa maandazi. Meza ya kazi iwe na nafasi ya sentimita 65 hadi 70 chini yake, magoti yaingie. Hapo ndipo anaposikia habari za mtaa na kufundishwa kutia chumvi, na dada zake wanajua kwamba zamu ni za wote.

11. Ulemavu haukai miguuni peke yake

Mtoto asiyeona anaijua nyumba kwa kumbukumbu, kwa hiyo usihamishe viti bila kumwambia na kumpitisha. Funga kamba ukutani kutoka mlango wa uani hadi chooni aifuate. Milango ifungwe au iwe wazi kabisa. Iliyo nusu inampiga usoni. Na tazama yale madirisha yanayofungukia barazani, kona zake ziko usawa wa kichwa cha nani? Mwenye uoni hafifu, ukingo wa kila ngazi ukipakwa rangi ya njano au nyeupe atauona.

Asiyesikia anasikiliza kwa macho. Viti vipangwe duara, taa iangaze nyuso za wanaozungumza, na kengele ya mlangoni iwashe balbu.

Mwenye usonji anayependa kutoka mbio, geti liwe na komeo la juu, na kisima, tenki na madumu ya maji vifunikwe na vifungwe kwa kufuli. Mtengee pia kona tulivu mbali na redio, hema la kanga mbili linatosha.

Mwenye ualbino anahitaji kivuli barazani na uani, na dawati la kusomea linalopata mwanga kutoka pembeni, usimpige machoni.

12. Umepanga? Vidokezo vingi vinahamishika

Kiti cha choo, kitanda cha kuogea, kiti cha maboksi, vyote vinapanda kwenye kirikuu siku ya kuhama. Rampu iwe ya mbao nene au bati la chuma lenye miraba, yenye ndoano za kuikamata ngazi. Ukitafuta chumba, chukua cha chini na cha karibu na choo, hata kama cha ghorofani ni cha bei nafuu na kina upepo. Mwenye nyumba mweleze mapema na mwandikiane nini utatoboa na nini utarudisha. Wengi hukubali, hasa wakikumbuka kwamba mama zao nao huja kuwatembelea.

13. Salio la fundi lisubiri mkaguzi

Usimalize malipo kabla mtoto hajapita. Apande rampu, mwenyewe au akisukumwa na yule anayemsukuma kila siku. Afungue mlango, ageuke, aingie chooni, ashike kishikio, awashe taa, atoke. Usimsaidie, kaa pembeni na karatasi uandike anapokwama. Mwache aseme mwenyewe, au aonyeshe kwa kidole, kama komeo liko juu mno au kigoda kimekwenda mbali. Mafundi wanabishana na mama na baba wakati wote, lakini kumbishia mteja wa miaka minane aliyekwama mlangoni mbele yao ni kazi ngumu. Watarekebisha hapo hapo, na ndipo uwalipe.